Kiu ya Samaki Katikati ya Bahari

Wazee wetu, shikamooni. Wavuvi, kina mama wa mashamba ya jongoo bahari, vijana wa mabwawa ya mwatiko na kambamiti, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kuitikia mwito.

Tuanze na ndoo. Teka lita moja ya maji ya bahari, iache juani mpaka maji yote yakauke. Chini itabaki chumvi kama gramu 35, sawa na vijiko vidogo sita vya chai. Sasa mchukue changu au tasi aliyevuliwa katika maji hayohayo. Chumvi iliyomo kwenye damu yake ni kama theluthi moja tu ya ile ya bahari, gramu 10 hadi 12 kwa lita. Samaki huyu kazaliwa baharini, kakulia baharini, na damu yake haijawahi kuwa kali kama bahari hata siku moja. Kila saa ya maisha yake anafanya kazi ili isiwe kali. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa sababu vifo vingi vya mabwawani na kwenye vizimba hutokea pale inapomshinda.

Kina mama wanaotengeneza kachumbari wanaijua kanuni yenyewe. Ukinyunyizia vitunguu chumvi, baada ya dakika chache bakuli limejaa maji. Hayo maji yametoka ndani ya kitunguu. Penye utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi, maji huhama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Shuleni inaitwa osmosisi. Samaki wa baharini ni kitunguu kilichomo ndani ya bakuli la chumvi: ngozi yake ina magamba na ute vinavyozuia maji kutoka, lakini matamvua, yale mashavu mekundu, lazima yawe membamba ili hewa ipite. Hewa ikipata njia, na maji yamepata njia. Kwa hiyo samaki anavuja maji mwilini mchana na usiku huku amezungukwa na maji pande zote. Ana kiu ya kweli, kama ya mtu aliyeko jangwani.

Anaizima vipi? Anakunywa bahari. Mwaka 1930 mtaalamu wa figo Mmarekani, Homer Smith, aliwaweka samaki, wakiwemo mikunga, kwenye maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ambayo utumbo hauwezi kuifyonza. Baadaye rangi ile ilionekana matumboni ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa majini. Maana yake samaki wamekunywa, maji yamefyonzwa, rangi imebaki. Kwa kawaida samaki wa baharini hunywa mililita 2 hadi 5 kwa saa kwa kila kilo ya uzito wake. Samaki wa kilo moja basi anamaliza kwa siku kati ya kikombe kimoja cha kahawa chungu na viwili na nusu.

Lakini maji ya chumvi hayakati kiu mpaka chumvi iondolewe, na hapo mwili wake unafanya kazi kwa hatua. Kwanza umio unafyonza sehemu kubwa ya sodiamu na kloraidi, vitu viwili vinavyounda chumvi ya kawaida, maji yanapofika tumboni yameshapungua ukali. Kisha utumbo unafyonza chumvi iliyobaki, na maji yanaifuata. Madini mengine ya bahari, kalisiamu na magnesiamu, kwa sehemu kubwa hayaingii mwilini. Utumbo unamwaga baikaboneti juu yake, yanagandamana kuwa punje nyeupe kama chokaa, yanatoka na kinyesi. Ukimpasua samaki wa baharini ambaye hajala muda mrefu ukakuta vipande vyeupe laini utumboni, si ugonjwa wala minyoo. Ni chokaa ya maji aliyokunywa. Watafiti wamekadiria kwamba samaki wa dunia nzima kwa njia hii wanatengeneza kati ya asilimia 3 na 15 ya kaboneti, yaani chokaa ya aina hiyo, inayozalishwa baharini.

Figo zinasaidia kidogo tu. Figo za samaki hawa haziwezi kutoa mkojo mkali kuliko damu, kwa hiyo zingejaribu kutoa chumvi yote zingemaliza maji yote. Zinatoa mkojo haba, zikiondoa zaidi magnesiamu na salfeti iliyopenya. Mzigo mkubwa, ile sodiamu na kloraidi iliyofyonzwa pamoja na maji, unabebwa na matamvua.

Mwaka 1932 watafiti Ancel Keys na Edward Willmer walizieleza seli za pekee kwenye matamvua ya mkunga, zinazoitwa hadi leo seli za kloraidi. Zimejaa mitokondria, vile vinu vidogo vinavyozalisha nguvu ndani ya seli, kwa sababu kazi yake ni nzito. Upande wa ndani, unaogusana na damu, kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, bila kupumzika. Kwa nguvu ya pampu hiyo, mlango mwingine unavuta kloraidi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Kloraidi inatokea upande wa pili, kwenye kishimo kidogo kinachoangalia bahari. Chaji yake ya umeme inaivuta sodiamu, nayo inapenya kwenye mianya kati ya seli na seli. Mlango ule wa kutokea kloraidi na sisi binadamu tunao, kwenye mapafu na tezi za jasho. Mtoto akizaliwa nao ukiwa mbovu anapata ugonjwa mzito wa kifua unaoitwa sistiki faibrosisi. Samaki na sisi tumerithi kifaa kimoja, kila mmoja akakiweka mahali pake.

Yote haya yanategemea pampu kuwa na nguvu na ngozi kuwa nzima. Hapa wafugaji tusikilizane kwa makini. Samaki akisuguliwa na wavu mgumu akapoteza magamba, au akashikwa kwa mikono mikavu ute ukatoka, mmempunguzia ngao yake. Kwenye maji ya chumvi kidonda kinavujisha maji nje na chumvi inaingia. Samaki hafi palepale. Anafia bwawani siku mbili tatu baadaye, amekonda na macho yamezama, na mwenye bwawa anasema ni maji mabaya au ni chakula. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, jeraha hilohilo linafanya kinyume chake: maji yanaingia, samaki anavimba. Hofu nayo ina gharama. Samaki aliyekimbizwa sana anafungua mishipa ya matamvua ili apate hewa zaidi, na njia ileile inazidi kuvujisha maji. Tumieni wavu laini usio na mafundo, lowesheni mikono kabla ya kumshika, na msiwarundike wengi kwenye beseni moja.

Papa na taa wamechagua njia nyingine kabisa. Badala ya kupigana na osmosisi, wameijaza damu yao kitu kingine mpaka ukali wake ukalingana na bahari, ukazidi kidogo. Kitu hicho ni yurea, ileile ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo, na ileile inayouzwa kwenye magunia ya mbolea. Papa haitupi, anaihifadhi. Katika nyama yake kuna kiasi cha gramu 20 kwa kila kilo. Kwa kuwa damu yake imezidi bahari kidogo, maji yanaingia yenyewe kupitia matamvua, na papa hana haja ya kunywa kama changu.

Yurea nyingi namna hiyo huharibu protini. Papa anaizuia kwa dawa yake: kemikali ya pili iitwayo trimethilamini oksaidi, kwa uwiano wa takriban yurea mbili kwa moja. Moja inalegeza protini, nyingine inazikaza. Chumvi ya kawaida bado inamwingia, kwa hiyo anayo tezi ya kuitoa. Mnaopasua papa mnaiona kila siku: kijinyama kama kidole, kimening'inia karibu na mwisho wa utumbo. Wengi wanakitupa bila kujua ni nini. Mtafiti Wendell Burger ndiye aliyeonyesha, karibu na mwaka 1960, kwamba kidole hicho kinatoa maji yenye chumvi takriban mara mbili ya ile ya damu ya papa mwenyewe.

Sasa mtaelewa harufu ya ng'onda mbaya. Papa akishakufa, bakteria wanaivunja yurea kuwa amonia. Gramu 20 za yurea zinatosha kutoa gramu 11 za amonia katika kila kilo ya nyama, na ndiyo ile harufu inayopanda puani na kutoa machozi. Chumvi ya kukaushia haiwezi kuiondoa, kwa sababu amonia imeshazaliwa kabla ya chumvi kuwekwa. Dawa iko kwenye saa za mwanzo. Papa achinjwe na kutolewa damu akiwa bado chomboni, atumbuliwe, aoshwe kwa maji safi, awekwe kwenye barafu. Ufukweni akatwe vipande vyembamba, vilowekwe kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Yurea inayeyuka kwa urahisi na inatoka na maji hayo. Ndipo atiwe chumvi na kuanikwa. Aliyelala juani tangu alfajiri mpaka adhuhuri haokoki tena. Na kwa kuwa papa huzaa wachache na hukua polepole, kumvua kisha kumwozesha ni hasara mara mbili. Papa nyundo na wengine wamo kwenye orodha za ulinzi za kimataifa, na hao inafaa warudishwe majini wakiwa hai.

Njia hii ya yurea anaitumia pia jirani yetu wa vilindini, silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 alivuliwa Songo Mnara, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Si papa, ana mifupa ya ukoo mwingine kabisa, lakini damu yake nayo imejaa yurea. Koo mbili zilizo mbalimbali zimefikia suluhisho moja.

Kasa, ndege wa baharini na pomboo tutawapitia haraka. Kasa jike akipanda ufukweni kutaga, watu husema analia. Machozi yale mazito yanatoka kwenye tezi zilizo nyuma ya macho, na chumvi yake ni takriban mara mbili ya ile ya bahari. Ndege wa baharini wana tezi kama hizo juu ya macho, na maji ya chumvi yanadondoka kwenye ncha ya mdomo. Mtafiti Knut Schmidt-Nielsen alimnywesha shakwe maji ya bahari yaliyokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na ndani ya saa tatu hivi karibu chumvi yote ilikuwa imetoka. Pomboo na nyangumi hawana tezi ya chumvi. Wanaishi kwa maji yaliyomo kwenye samaki wanaowala, na kwa yale yanayozaliwa mwili unapochoma mafuta: gramu moja ya mafuta inatoa gramu moja ya maji na zaidi kidogo. Figo zao zinatoa mkojo mkali kuliko bahari. Za kwetu haziwezi. Mtu akinywa lita moja ya maji ya bahari, atahitaji takriban lita 1.35 za mkojo kuiondoa chumvi yake, tofauti hiyo inatoka mwilini mwake mwenyewe. Kwa hiyo chombo kikipotea baharini, maji ya bahari yasinywewe hata kidogo, hata kwa kuchanganywa na yale machache mliyobaki nayo.

Sasa twende kwenye viumbe visivyopigana kabisa: pweza, ngisi, chaza, jongoo bahari, fukulile, kiti cha pweza. Maji ya mwili wao yana ukali uleule wa bahari. Ukali wa bahari ukipanda wao wanapanda, ukishuka wanashuka. Ndani ya seli zao, badala ya kujaza chumvi inayoharibu, wanajaza vipande vidogo vya protini viitwavyo asidi amino, kama glisini. Glisini ni tamu mdomoni. Utamu ule wa pweza, chaza na kamba, ambao changu hana hata ukimpika vipi, kwa sehemu kubwa ndio huo, ni mizani yao ya chumvi mnayoionja.

Chaza maji yakibadilika ghafla hufunga ganda na kusubiri. Pweza huhama. Jongoo bahari hana ganda na hana mwendo, na ndiyo maana anastahili uangalizi kuliko wote. Mvua kubwa ya masika ikishuka wakati maji yamekupwa, maji ya mvua yanasimama kwenye uzio kina cha kifundo cha mguu. Maji yanaingia mwilini mwa jongoo, anavimba na kulegea, ngozi inapata mabaka meupe, mwingine anatapika matumbo yake nje. Kwanza hujifukia mchangani, kwa sababu maji yaliyomo kati ya chembe za mchanga hubaki na chumvi kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni kinga yake halisi, kwa hiyo msiwafukue wakati wa mvua ili mwone kama wako salama. Chumvi ikishuka chini ya gramu 20 kwa lita na kubaki hapo, jiandaeni kwa hasara. Tunashauri uzio usijengwe karibu na mkondo wa mto wala mfereji wa mvua, na uwe mahali ambapo hata maji yakikupwa kabisa panabaki kina kidogo.

Mabwawani hesabu ni rahisi, na inafaa kila mmoja aishike kichwani. Bwawa lenye kina cha sentimita 50 na chumvi ya 35, yaani gramu 35 kwa lita, likinyeshewa milimita 50, chumvi ikichanganyika vizuri itashuka mpaka karibu 32 tu. Si janga. Janga ni kwamba haichanganyiki. Maji ya mvua ni mepesi, yanaelea juu kama mafuta. Juu kuna maji baridi, chini kuna maji ya chumvi, na hewa haivuki mpaka ule. Usiku kambamiti walioko chini wanakosa hewa, wakipanda juu wanakutana na maji wasiyoyazoea. Mvua ikikatika, ondoeni mbao za juu za lango ili maji ya juu yatoke kwanza, kisha yavurugeni yaliyobaki. Anayefungua lango kwa chini anatoa maji mazuri na kubaki na ya mvua.

Wakati wa kaskazi tatizo linageuka. Bwawa lilelile likipoteza sentimita moja kwa siku bila kuongezwa, baada ya siku 15 kina ni sentimita 35 na chumvi imefika 50. Mwatiko anavumilia, ni hodari wa chumvi kuliko samaki wengi, lakini nguvu za kukua zinakwenda kwenye pampu za matamvua. Kambamiti anadumaa mapema zaidi. Damu yake inalingana na maji yenye chumvi ya takriban 25, na hukua vizuri kati ya 15 na 25. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kujazia maji ya bahari bila kutoa ya zamani. Maji yanakauka, chumvi inabaki, unaleta chumvi nyingine. Toeni kwanza, ndipo muingize, na mabwawa yaliyo juu yasubiri bamvu, mwezi unapoandama au kuwa mpevu. Anayekosa bamvu moja atangoja kama wiki mbili.

Pimeni kwa rifraktomita, kifaa cha mkononi kinachopima chumvi kwa mwanga: tone moja kwenye kioo, funika, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Kabla ya hapo weka tone la maji yasiyo na chumvi kabisa uhakikishe inasoma sifuri. Na msipime maji ya juu peke yake. Fungeni chupa kwenye fito, kizibo kifungwe kamba, ikifika chini vuteni kizibo.

La mwisho ni kuhamisha vifaranga. Kutoka chumvi ya 35 kwenda 15 si suala la kumimina. Seli za matamvua zinahitaji muda kubadili kazi, na kukamilika kabisa huchukua siku kadhaa, homoni zikiongoza. Punguzeni 2 au 3 kwa saa. Tofauti ya 20 basi ni kazi ya saa saba hadi kumi. Kwenye tanki la lita 100 zenye chumvi ya 35, lita 40 za maji baridi zinaifikisha 25, na hizo ziingie taratibu kwa mpira mwembamba, hewa ikiendelea kupulizwa. Kambamiti na kaa wanaojivua ganda waachwe siku hiyo. Wakati huo mwili unajaza maji ili ganda jipya litanuke, na kila mabadiliko yanawaingia moja kwa moja. Mkiona kifaranga amelala ubavu au amekuwa mweusi kuliko wenzake, fungeni mpira, subirini saa moja, muwape chakula kidogo, na wakianza kula ndipo mwendelee.

Waliokuja na chupa za maji ya mabwawa yao, karibuni mezani tuyapime.